Hadi 15, Hadi 25 au Hadi 21? Jinsi Kanuni za Mpira wa Wavu Zilivyojengeka Tangu 1895

Maji yanapokupwa jioni katika ufuo wa Malindi, vijana huchimbia nguzo mbili mchangani, wakafunga wavu kati yake, wakagawana pande. Nguzo huweza kuwa boriti za mikoko, na wavu wenyewe huweza kuwa kipande cha jarife kilichokwisha kazi ya uvuvi. Mchezo huenda vizuri mpaka hesabu itakapoanza kugombaniwa. Mtu aliyejifunza mpira wa wavu shuleni miaka ya 1980 hushikilia kwamba seti ni pointi 15 na kwamba anayepata pointi ni upande ulioanzisha mpira peke yake. Kijana aliyejifunza juzi huona hesabu hiyo ni ya ajabu, kwa kuwa yeye anajua kila mpira unapoanguka lazima pawe na pointi, na seti huisha kwa 25. Atatokea na wa tatu, ambaye hutazama mashindano ya ufukweni kwenye simu yake, aseme kwamba mchangani watu huhesabu hadi 21.

Wote watatu wana haki. Kila mmoja ameshika kanuni ya zama zake au ya aina yake ya mchezo, na ubishi wao hauwezi kutatuliwa kwa kuuliza nani anajua zaidi. Unatatuliwa kwa kufuatilia jinsi kanuni zenyewe zilivyoongezwa, kubadilishwa na kufutwa kwa muda wa zaidi ya miaka 125. Nikizitazama kanuni hizo kwa mfuatano wake, naona kwamba nyingi kati yake zilizaliwa na swali moja lililorudi kwa sura mbalimbali: anayeshambulia na anayelinda, nani amezidiwa, na afanyiwe nini ili mpira uendelee kuwa hewani?

Mwanzo wa mchezo huu uko mbali na bahari. Holyoke ni mji wa viwanda vya karatasi katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mahali ambapo baridi kali huwafungia watu ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa kila mwaka. Huko, mwaka 1895, William G. Morgan, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akisimamia mazoezi ya viungo katika tawi la YMCA, yaani chama cha vijana wa Kikristo, alikabiliwa na tatizo la wanafunzi wake. Miaka minne nyuma, James Naismith alikuwa amebuni mpira wa kikapu katika mji wa jirani wa Springfield, na mchezo huo ulipendwa upesi na vijana. Wanafunzi wa Morgan, hata hivyo, hawakuwa vijana. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa makamo waliofika ukumbini baada ya kazi, na kukimbia huku na huku wakigongana vifua kuliwachosha kuliko kulivyowajenga.

Morgan aliamua kuwatenganisha wapinzani. Alichukua wazo la wavu wa tenisi, akauinua hadi kimo cha futi 6 na inchi 6, yaani karibu mita 1.98, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima wa kawaida, na akaacha viganja vifanye kazi ya raketi. Mpira wa kikapu ulijaribiwa ukaonekana mzito, kibofu chake kikajaribiwa kikaonekana chepesi mno, ndipo kampuni ya Spalding ikaombwa kutengeneza mpira wa kufaa. Jina la kwanza la mchezo lilikuwa Mintonette. Mwaka 1896, Morgan alipouonyesha Springfield kwa timu mbili za watu watano watano, moja ikiongozwa na meya wa Holyoke na nyingine na mkuu wa kikosi cha zimamoto, mtazamaji mmoja aitwaye Alfred Halstead alipendekeza jina la volleyball, ambalo ndilo ulimwengu ulilolishika hadi leo.

Inafaa kukaa kidogo na kanuni hizo za mwanzo, kwa maana zinaonyesha mchezo ambao mchezaji wa leo asingeutambua. Idadi ya wachezaji haikuwekewa mpaka. Idadi ya mara ambazo upande mmoja ungeweza kuupiga mpira kabla ya kuuvusha nayo haikuwekewa mpaka. Mchezo uligawanywa katika vipindi 9, hesabu iliyoazimwa kutoka besiboli, mchezo ambao kila Mmarekani wa wakati ule aliuelewa. Hapakuwa na smashi, yaani pigo la kuubamiza mpira chini kwa nguvu, hapakuwa na kuzuia juu ya wavu, wala hapakuwa na mtu aliyesimama karibu na wavu akisubiri kumwandalia mwenzake. Lilikuwa zoezi la upole, la watu waliotaka kutoka jasho bila kuumia.

Hapo huporomoka dhana mbili ambazo husikika sana kwetu pwani. Ya kwanza ni kwamba mpira wa wavu ni mchezo wa ufukweni uliohamishiwa ukumbini. Ukweli ni kinyume chake, kwani mchanga ulikuja baadaye. Ya pili ni kwamba ni mchezo wa wanawake, dhana ambayo bila shaka imetokana na sifa za timu ya taifa ya wanawake ya Kenya. Mchezo ulibuniwa kwa ajili ya wanaume waliokwisha kupita ujana wao, na uzuri wake ni kwamba haukubaki wao peke yao.

Mtandao wa YMCA ndio uliousafirisha. Kanada iliupokea mwaka 1900, na katika miaka iliyofuata ukafika Kuba, Japani, China na Ufilipino. Katika safari hiyo yote, kituo kilichoubadilisha mchezo kuliko vingine ni Ufilipino, ambako Elwood Brown, mkurugenzi wa mazoezi wa YMCA mjini Manila, aliufikisha mwaka 1910. Wafilipino waliupenda, wakaucheza nje, katika viwanja vya wazi, kwa makundi makubwa. Katika Michezo ya Mashariki ya Mbali iliyofanyika Manila mwaka 1913, kila upande ulikuwa na wachezaji 16.

Ni huko Ufilipino, kufikia mwaka 1916, ambako wachezaji walizoea jambo ambalo Morgan hakuliwazia: mmoja aliurusha mpira juu karibu na wavu, na mwenzake akaruka na kuubamiza uelekee chini upande wa pili. Pigo hilo waliliita bomba. Tangu siku hiyo mchezo wa upole ulikwisha. Mpira ambao zamani ulivuka kwa upinde wa juu, ukimpa mpokeaji muda wa kujiweka sawa, sasa ulishuka kwa kasi kiasi kwamba aliyekuwa chini alikuwa na nafasi ndogo mno ya kufanya lolote.

Kanuni zilizofuata zinasomeka vyema zikitazamwa kama majibu kwa pigo hilo. Wavu uliinuliwa, na mwaka 1917 ukafikishwa futi 8. Hapo ndipo ilipotoka mita 2.43 tunayoitumia kwa wanaume hadi leo, namba ambayo wengi hujiuliza kwa nini haikuzungushwa ikawa 2.40 au 2.50; ni futi 8 zilizogeuzwa kuwa mita. Mwaka huohuo pointi za seti zikapunguzwa kutoka 21 hadi 15. Mwaka 1918 idadi ya wachezaji ikawekwa kuwa sita kila upande, na mwaka 1920 ikaja kanuni ambayo kwa maoni yangu ndiyo uti wa mgongo wa mchezo mzima: upande mmoja usiuguse mpira zaidi ya mara tatu kabla ya kuuvusha.

Kanuni ya miguso mitatu ilizaa mgawanyo wa kazi. Mguso wa kwanza ukawa wa kupokea, wa pili wa kuandaa, wa tatu wa kushambulia. Kabla yake, timu ingeweza kuuchezea mpira upande wake hadi ipate nafasi nzuri, hivyo mshambuliaji hakuwa na haraka. Baada yake, anayepokea vibaya amekwisha kupoteza theluthi ya nafasi alizopewa, na seta, yaani yule anayegusa mara ya pili, akawa ndiye akili ya timu. Mtazamaji anayekodolea macho mpigaji wa smashi peke yake hukosa kuiona kazi hiyo ya katikati, ambayo mara nyingi ndiyo iliyoamua mpira uanguke wapi.

Lililobaki la kipindi hicho ni fupi. Vita Kuu ya Kwanza viliutawanya mchezo barani Ulaya, ambapo mwaka 1919 majeshi ya Marekani yaligawa mipira 16,000 kwa askari wake na wa washirika wake. Ulaya Mashariki iliupokea kwa nguvu zaidi kuliko wengine. Mwezi Aprili 1947, wajumbe wa nchi 14 walikutana Paris wakaunda Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, FIVB, chini ya Mfaransa Paul Libaud, ambaye aliliongoza hadi 1984. Ubingwa wa kwanza wa dunia kwa wanaume ulichezwa Prague mwaka 1949, na wa wanawake Moscow mwaka 1952. Yote mawili yalichukuliwa na Umoja wa Kisovieti, na kwa zaidi ya muongo mmoja ilionekana kwamba nguvu na urefu wa Wasovieti havingepata mpinzani.

Mpinzani alitoka katika kiwanda cha nyuzi. Kampuni ya Nichibo ilikuwa na kiwanda Kaizuka, karibu na Osaka nchini Japani, na wafanyakazi wake wanawake walikuwa na timu iliyofundishwa na Hirobumi Daimatsu. Wachezaji wake walifanya kazi mchana, kisha wakafanya mazoezi hadi usiku wa manane. Daimatsu alijua kwamba hangeweza kuwaongezea kimo, kwa hiyo aliigeukia ile sehemu ya mchezo ambayo wengine waliidharau, yaani ulinzi. Aliwafundisha kujitupa sakafuni kuufuata mpira, kuupokea, kisha kujiviringisha begani na kusimama tena kwa mwendo mmoja, tayari kwa mpira unaofuata. Mchezaji aliyeogopa kuanguka alilinda eneo la hatua moja kila upande. Aliyejua kuanguka na kuinuka alilinda eneo kubwa zaidi bila kuongezeka urefu hata sentimita moja.

Aliwafundisha pia kuanzisha mpira bila kuuzungusha. Mpira unaozunguka hufuata njia inayotabirika. Usiozunguka husukumwa na hewa upande huu na ule, ukayumba na kuporomoka ghafla, na Wajapani waliufananisha na jani linalodondoka mtini. Kwa silaha hizo mbili, timu hiyo ilizunguka Ulaya mwaka 1961 ikishinda mchezo baada ya mchezo hadi ikaitwa Wachawi wa Mashariki, na mwaka 1962 ikawanyang'anya Wasovieti ubingwa wa dunia mjini Moscow.

Mwaka 1964 mpira wa wavu uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Tokyo, na ukawa mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika historia ya michezo hiyo. Tarehe 23 Oktoba, Japani, ikiongozwa na nahodha Masae Kasai, ilikutana na Umoja wa Kisovieti ikashinda kwa seti tatu bila. Matangazo ya mchezo huo yalitazamwa kwa kiwango cha asilimia 66.8 nchini Japani, kiwango ambacho hadi leo hutajwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya televisheni ya nchi hiyo. Nadhani ni haki kusema kwamba Manila ilitupa shambulio na Kaizuka ikatupa ulinzi, na kwamba mchezo tunaoucheza ni mtoto wa miji hiyo miwili kuliko ulivyo wa Holyoke. Mkazo wa mazoezi ya Daimatsu ulikosolewa hata wakati ule kwa ukali wake, na ukosoaji huo ulistahili. Lakini ujuzi wenyewe ulienea duniani na haukurudi nyuma.

Ulinzi ulipopata nguvu, washambuliaji nao walitafuta njia. Wanaume wa Japani, chini ya kocha Yasutaka Matsudaira, walichukua dhahabu Munich mwaka 1972 kwa mipira mifupi ya haraka iliyopigwa kabla wazuiaji hawajaruka. Poland ilichukua dhahabu Montreal mwaka 1976, ikitumia pia mashambulizi yaliyotoka nyuma ya mstari ulio mita tatu kutoka wavuni. Wazuiaji nao walisaidiwa na kanuni. Tangu katikati ya miaka ya 1960 waliruhusiwa kupitisha mikono juu ya wavu, na tangu 1976 mguso wa kuzuia haukuhesabiwa tena kuwa mmoja wa ile mitatu, kwa hiyo timu iliyozuia ilibaki na miguso yake yote ya kujipanga. Kanuni hii ya mwisho ikumbukwe, kwa sababu mchangani haitumiki.

Sasa tufike kwenye hesabu. Kwa miongo mingi pointi ilipatikana na upande ulioanzisha mpira tu. Ukishinda mpira ulioanzishwa na mwenzio, hukupata pointi. Ulipata haki ya kuanzisha. Kwa mchezo wa Morgan, uliokuwa wa kupokezana polepole, hilo halikuleta shida. Lakini baada ya smashi kukomaa, anayepokea ndiye anayeshambulia kwanza, kwa hiyo ndiye mwenye nafasi kubwa ya kushinda mpira. Maana yake ni kwamba kanuni ilimpa pointi yule aliye katika hali dhaifu na kumnyima yule aliye katika hali bora.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme anayepokea hushinda mipira miwili katika kila mitatu. Aliyeanzisha, ambaye ndiye peke yake awezaye kupata pointi, hushinda mmoja. Kwa wastani basi itapatikana pointi moja kwa kila mipira mitatu inayoanguka. Seti ya 15 kwa 10 ina pointi 25, hivyo itahitaji mipira ipatayo 75. Kwa kanuni ya sasa, seti ya 25 kwa 20 ina mipira 45 kamili, kwa sababu kila anguko ni pointi. Hivyo ndivyo 25 inavyoweza kuwa fupi kuliko 15, jambo ambalo huwashangaza wengi wanaposikia kwamba kanuni ilibadilishwa ili kufupisha mchezo.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba hakuna aliyejua mchezo utakwisha saa ngapi. Timu mbili zenye nguvu sawa zingeweza kunyang'anyana haki ya kuanzisha kwa dakika nyingi huku ubao wa matokeo ukibaki ulivyo. Vituo vya televisheni, ambavyo hupanga vipindi kwa saa, havikuweza kulivumilia hilo. FIVB, wakati huo ikiongozwa na Rubén Acosta wa Mexico, ilianza na seti ya tano peke yake mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha mwaka 1998 ikapitisha hesabu mpya kwa seti zote: nne za kwanza hadi 25 na ya tano hadi 15, mshindi akitakiwa kumzidi mwenzake kwa pointi mbili. Olimpiki za Sydney mwaka 2000 zilikuwa za kwanza kutumia hesabu hiyo.

Kuna kilichopotea. Kwa hesabu ya zamani, timu iliyoachwa 14 kwa 5 ilikuwa na matumaini ya kweli, kwani mpinzani hakuweza kumaliza bila kushinda mpira alioanzisha mwenyewe. Ilitosha kumnyang'anya haki hiyo tena na tena. Leo kosa moja la anayeanzisha, mpira ukitoka nje au ukakwama wavuni, ni zawadi ya pointi kwa mpinzani. Watu wa rika la yule aliyejifunza miaka ya 1980 wanaposema mchezo wao ulikuwa na ustahimilivu zaidi, wanasema jambo lenye msingi. Hata hivyo naona mabadiliko yalikuwa sahihi, kwa sababu yalifanya kila mpira uwe na uzito, na mchezo ambao mtazamaji hawezi kuufuata matokeo yake huishia kuchezwa bila watazamaji.

Mwaka huohuo wa 1998 aliingia libero, mchezaji mwenye jezi ya rangi tofauti ambaye kazi yake ni kupokea na kulinda nyuma, asiyeruhusiwa kuzuia wala kushambulia mpira ulio juu ya kimo cha wavu. Hapo tunaona tena lile swali la zamani. Washambuliaji walikuwa wamerefuka na kuruka juu mno, ulinzi ukazidiwa, na kanuni ikarudisha mizani kwa kumruhusu mtu mfupi, mwepesi na mwenye macho makali apate nafasi ya kudumu. Kabla ya hapo, kwa kuwa wachezaji wote sita huzunguka nafasi zao kila timu yao inapopata haki ya kuanzisha, mfupi alilazimika kufika mbele ya wavu alikoonewa.

Kwa Kenya, mabadiliko hayo yalikuja wakati timu ya wanawake, ambayo leo tunaiita Malkia Strikers, ilikuwa imekwisha kuitawala Afrika. Ilichukua ubingwa wa bara mwaka 1991, ikaurudia 1993, 1995 na 1997, kisha ikaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000 na tena Athens mwaka 2004. Mataji mengine ya Afrika yakafuata 2005, 2007, 2011, 2013 na 2015. Kameruni iliwapokonya ubingwa mara tatu mfululizo, 2017, 2019 na 2021, kabla ya Kenya kuurudisha mwaka 2023, tena Yaoundé, nyumbani kwa Kameruni, likiwa taji la 10. Nguzo ya mafanikio hayo ni klabu za mashirika na vikosi, kama Kenya Pipeline, Kenya Prisons na KCB, ambazo huwapa wachezaji ajira na muda wa mazoezi. Mfumo huo unafanana kwa namna fulani na ule wa kiwanda cha Kaizuka.

Katika Olimpiki matokeo yamekuwa magumu. Timu ilicheza Tokyo mwaka 2021 na tena Paris mwaka 2024, ambako ilipangwa pamoja na Brazil, Poland na Japani, na safari zote mbili haikushinda mchezo hata mmoja. Anayewalaumu wachezaji kwa hilo hajatazama tofauti ya mazingira. Wachezaji wa timu hizo hushindana wiki baada ya wiki katika ligi za kulipwa zenye washambuliaji bora duniani, wakati mchezaji wetu hukutana na kasi hiyo mara chache katika miaka kadhaa. Kupokea mpira wa kasi ni ujuzi wa macho kabla ya kuwa wa mikono, na macho hayazoei kasi ambayo hayajaiona.

Tawi la ufukweni lina historia yake. Lilikua katika fukwe za Santa Monica, California, katika miaka ya 1920, na inasimuliwa kwamba huko ndiko Paul Johnson na wenzake walikocheza kwa mara ya kwanza wawili kwa wawili, mwaka 1930. Lilibaki mchezo wa fukwe za Marekani na Brazil kwa muda mrefu, hadi lilipoingia Olimpiki za Atlanta mwaka 1996. Huko Karch Kiraly, ambaye alikuwa na dhahabu mbili za ukumbini za 1984 na 1988, alipata ya tatu mchangani, na Jackie Silva na Sandra Pires wakawa wanawake wa kwanza wa Brazil kupata dhahabu ya Olimpiki.

Kanuni zake hutofautiana na za ukumbini kwa sababu ya vitu vitatu ambavyo mtu wa Malindi au Lamu hahitaji kuelezwa: mchanga, upepo na uchache wa watu. Wachezaji ni wawili tu kila upande, hakuna wa akiba, na mchanga huila sehemu ya nguvu ya mruko. Ndiyo maana uwanja ulipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutoka mita 18 kwa 9 hadi 16 kwa 8, na hesabu ikawekwa seti mbili za 21 na ya tatu ya 15. Mpira hujazwa upepo kidogo kuliko wa ukumbini, ukawa laini zaidi. Mguso wa kuzuia huhesabiwa, kwa hiyo baada ya kuzuia timu hubakiwa na miguso miwili. Tena mshambuliaji haruhusiwi kuudokoa mpira kwa ncha za vidole ukaanguka nyuma ya wavu, kwani watu wawili wasingeweza kabisa kulinda eneo lote dhidi ya hila hiyo; hutumia vifundo vya vidole au kiganja kigumu. Mchezaji wa ukumbini anayeshuka mchangani hukosea hapa kwanza.

Kuhusu upepo, wengi hudhani upande mzuri ni ule unaousukuma mpira mbele. Mchezaji mzoefu huchagua kinyume. Anayetazamana na upepo anaweza kuupiga mpira kwa nguvu zake zote, na upepo utauangusha ndani ya mistari. Anayepewa upepo mgongoni lazima ajizuie, la sivyo mpira utapaa nje. Kwa sababu hiyo, timu hubadilishana pande kila jumla ya pointi inapofika 7 na vigawe vyake, na katika seti ya tatu kila 5. Katika msimu wa kaskazi na katika msimu wa kusi, ambapo upepo hushika mwelekeo mmoja siku nzima, seti isiyobadilishana pande mapema huwa imeamuliwa na sarafu iliyorushwa mwanzoni.

Mchanga nao una masharti. Mashindano rasmi hudai kina cha angalau sentimita 40 cha mchanga laini usio na mawe wala magamba. Ufuo wa mji wa Malindi, ambao Mto Sabaki umeulisha kwa miaka mingi kwa udongo wa bara, huwa mgumu na wenye unyevu pale maji yanapokuwa yamekupwa, na hapo mpira wa wavu huchezwa kwa kasi inayokaribia ile ya ukumbini. Juu zaidi, ambako mawimbi hayafiki, mchanga ni mkavu na wenye kuzamisha mguu. Huko Lamu, ambako vichochoro vya mji mkongwe havina nafasi ya uwanja wa aina yoyote, ufuo wa Shela wenye vilima vya mchanga una mazingira yanayofanana zaidi na ya mashindano. Anayetaka kufanya mazoezi ya kweli ya mchezo wa wawili na afanye kwenye mchanga mkavu, hata kama atachoka mara mbili.

Kenya ilifika Olimpiki za ufukweni kwa mara ya kwanza Tokyo, katika michezo iliyoahirishwa hadi 2021, ikiwakilishwa na Gaudencia Makokha na Brackcides Khadambi, ambao walicheza michezo mitatu ya kundi lao bila kushinda. Kwa nchi yenye ufuo kuanzia Kiunga hadi Vanga, hilo ni tawi ambalo pwani ina kila sababu ya kulidai. Vifaa vyake ni vichache kuliko vya michezo mingi: nguzo mbili, wavu wa mita 8.5 uliofungwa kwa kimo cha mita 2.43 kwa wanaume au 2.24 kwa wanawake, na utepe wa kuweka mipaka. Uwanja ulazwe kwa urefu kutoka kaskazini kwenda kusini ili jua la jioni, linalozama nyuma ya mji, lisimpofushe anayepokea. Ukilazwa hivyo Malindi, kaskazi na kusi vitavuma karibu sawasawa na urefu wake, na timu zote mbili zitaonja upepo huo kwa zamu kila pointi 7.